Kuvuka Kwenda kwa Mama

Nyumba ya mama yangu na nyumba yangu zinatazamana. Katikati kuna barabara, na si barabara ya kutisha kwa upana, ukirusha ndala kutoka kibarazani kwangu inatua kwake. Nilipoolewa watu walinitania. Walisema huyu kaolewa kwa kuvuka tu, hata jasho halijamtoka. Nilicheka nao, maana ndivyo nilivyotaka. Mama alikuwa amebaki peke yake, na mimi ndiye mtoto wake pekee, kwa hiyo nilitaka kila nikifungua dirisha nimwone.

Mume wangu anafundisha udereva. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake, wanamwita Klachi, kwa sababu hilo ndilo neno analolipigia kelele kutwa nzima: "Klachi! Klachi kwanza, utaniua!" Ana gari dogo jeupe lenye kibao cha L juu ya paa, na mtaa wetu ndio uliokuwa darasa lake. Ulikuwa mtaa usiokwenda popote. Mwisho wake kulikuwa na ukuta, nyuma ya ukuta uwanja wa majani, na gari likiingia kwetu ama limepotea ama ni la Klachi. Watoto walichora michezo yao katikati ya barabara kwa chaki. Shida yetu ilikuwa mashimo na vumbi. Vumbi lile lilikuwa linaingia hadi kwenye chumvi.

Kila mchana Mama alivuka kuja kula kwangu, na alikuja na sahani yake mkononi, kwa sababu hakuamini ninavyoosha vyombo. "Zako nikizishika zinateleza," aliniambia mbele za wageni. Alitembea polepole, akafika katikati ya barabara akasimama kuongea na yeyote aliyepita, ugonjwa wa huyu, harusi ya yule, na chakula kinapoa. Klachi akiwa na mwanafunzi kwenye usukani alimwamuru asimame. "Zima gari. Mama mkwe akipita, hiyo ni taa nyekundu." Mama alimpenda Klachi kuliko alivyonipenda mimi na wala hakuficha.

Tulimwambia mara nyingi ahamie kwetu. Hakutaka hata kusikia. "Nilale chini ya paa la mkwe wangu? Nikikoroma, asubuhi nitamtazama kwa macho gani?" Nilidhani ni utani wake, lakini katika hilo hakuwa na utani.

Kisha ikaja barabara kuu. Ilipita nyuma ya ule ukuta, juu ya tuta refu la udongo, na kwa muda mrefu tuliona magreda tu na vumbi lao lililojiunga na letu. Asubuhi moja wakaingia mtaani vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa. Wakalaza mpira mweusi mwembamba kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi wa pili, wakauunganisha na kisanduku cha chuma, kisanduku wakakifunga kwa mnyororo kwenye nguzo. Tukawauliza ni kitu gani. Wakasema kinahesabu magari. Tukauliza kwa nini magari yahesabiwe. Wakasema wao wametumwa tu.

Hapo ndipo Redio alipopata kazi. Redio ni jirani yetu wa nyumba ya kona, anatengeneza simu, na tulimpa jina hilo kwa sababu hazimiki. "Haya mambo nayajua mimi," alisema akiwa ameuweka mguu wake juu ya kisanduku kama mwenye mali. "Wanatafuta mtaa wa kuweka lami. Wenye magari mengi watapata, wenye magari machache watabaki na vumbi lao." Hakuna aliyemuuliza kaisikia wapi. Habari ilikuwa tamu mno kuulizwa maswali.

Klachi alikaa kimya akautazama ule mpira. Namjua mume wangu, akikaa kimya ujue kuna jambo linapikika. Kesho yake aliwaita wanafunzi wake wote, na hata wale waliokwisha kupata leseni zao zamani, akawaambia waje wafanye mazoezi bure. Wakaja. Gari lile dogo likaanza kupita juu ya mpira, linakwenda hadi ukutani, linageuka, linarudi, linageuka tena. Mmoja akishuka mwingine anapanda. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, mwanamke mnene mwoga wa gia ya nyuma, alivuka ule mpira kinyumenyume huku akimwomba Mungu kwa sauti. Muuza maji akapitisha mkokoteni wake, tukamshangilia. Mama alitoa kiti chake nje akawa anagawa maksi. "Huyo anaendesha kama anakanda unga. Huyu angalau anajua mbele ni wapi."

Siku zote ambazo mpira ule ulilala pale, gari halikupumzika. Mimi nilichemsha chai ya watu wote na nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nalisema hilo ili isije ikadhaniwa kwamba mimi ndiye niliyekuwa na akili.

Tuliitwa kwenye mkutano katika darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mhandisi alikuwa mtu mpole mwenye viatu safi. Alibandika mchoro ubaoni akatueleza kwamba barabara kuu inahitaji njia ya magari kushukia upande wetu, na sehemu zilizofaa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kule kwenye maghala, kwenye barabara pana ambayo haina mkazi isipokuwa walinzi na panya. Ya pili ilikuwa mwisho wa mtaa wetu, pale penye ukuta. Sote tulijua jibu. Redio alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa kukubaliana na maghala kabla hata hayajatajwa vizuri.

"Sasa, tulipima," alisema mhandisi. "Barabara ya maghala ina magari machache sana, ikibeba mengi ghafla itahitaji kujengwa upya. Yenu tumeshangaa. Yenu tayari inabeba magari kama barabara ya katikati ya mji. Kwa hiyo wakazi wameshazoea, na mabadiliko hayatakuwa makubwa."

 Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kumtafuta mume wangu.

Klachi akasimama. Dawati lilimbana, akasimama nalo nusu. "Mheshimiwa, yale magari ni moja."

"Samahani, mzee?"

"Yale magari yote uliyohesabu. Ni gari langu. Lilikuwa linakwenda na kurudi."

Watu wa mitaa mingine walicheka. Mhandisi naye alitabasamu, akidhani ni mzee mcheshi. "Mzee wangu, mashine haijui utani."

"Mashine haijui, ndiyo maana nakwambia mimi. Rudieni kupima. Pimeni hata kesho."

"Takwimu zimeshakwenda, usanifu umeshapitishwa," alisema mhandisi, bado kwa upole. "Lakini lami mtapata. Na taa." Kuna watu walipiga makofi. Naapa, walipiga makofi, na baadhi yao walikuwa wa mtaa wetu.

Ukuta ukavunjwa. Lami ikamwagwa, nyeusi, laini, na kwa siku chache ilikuwa yetu peke yetu. Watoto waliteleza juu yake, Mama alivua ndala akaikanyaga kwa miguu mitupu akasema ina joto kama mgongo wa ng'ombe. Halafu wakaifungua njia ya kushukia, ambayo sisi tuliiita Mteremko, na tangu hapo barabara ile haikuwa yetu tena.

Nieleze jinsi ilivyo, maana ambaye hajaiona hudhani tunatia chumvi. Gari linatoka barabara kuu likiwa na mwendo wa barabara kuu. Dereva anashuka Mteremko, mguu bado haujajua kwamba mambo yamebadilika, na anapoanza kukumbuka breki ameshapita mlango wangu. Na si wale tu wanaotaka kuja huku kwetu. Wote wanaoikimbia foleni ya mzunguko mkubwa wamegundua kwamba ukishukia hapa unatokea mjini mapema. Kwa hiyo asubuhi ni magari madogo, mchana ni malori, jioni ni kila kitu. Pengo halipo. Likipita moja lina mwenzake mgongoni.

Kwanza aligongwa mbwa wa Redio. Kisha fundi cherehani, yule aliyekuwa akimwomba Mungu kinyumenyume. Alivunjika mguu mahali pawili na sasa anaendesha cherehani kwa mguu mmoja. Watoto walihamishiwa ndani kucheza, na michezo yao ikachorwa kwa chaki kwenye kuta zetu. Wanafunzi wa Klachi wakaisha. Nani ajifunzie klachi mbele ya lori?

Mama alijaribu kuvuka kama kawaida yake. Alisimama ukingoni na sahani yake, akangoja, akarudi ndani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu aliamua liwalo na liwe, akaingia barabarani, gari likampita karibu mno na upepo wake ukamzungusha kama nguo kwenye kamba. Sahani ilianguka ikapasuka. Klachi alimfuata pale katikati akamkumbatia, magari yakipita mbele na nyuma yao, wakabaki wamesimama hivyo kwa muda kabla hawajapata nafasi ya kutoka. Jioni nikampigia simu nikamwambia asivuke tena.

"Umenifungia ndani?" aliniuliza. Nilikuwa namwona kibarazani kwake, simu sikioni.

"Si mimi, Mama. Ni barabara."

"Barabara haina funguo," alisema, akakata.

Kuanzia siku hiyo chakula chake alikipeleka Klachi, na alikipeleka kwa gari. Mtu mwenye akili timamu angecheka. Anatoka getini kwetu na bakuli limefungwa kwa kitambaa, anajiunga na msururu, anakwenda hadi kwenye mzunguko mkubwa, anapita chini ya barabara kuu, anarudi kwa njia ya maghala, anaingia mtaani kwetu tena upande wa pili, anaegesha mlangoni kwa Mama. Yote hayo kwa ajili ya kuvuka barabara moja. Mimi nasimama kibarazani kwangu namwona Mama ameshika tama, anangoja. Mara nyingine chakula cha mchana kilimfikia alasiri. Wakikaa kula wananipungia mkono wote wawili, kisha simu inalia.

"Umezidisha chumvi."

"Mbona nakuona unakula yote?"

"Nakula kwa heshima ya mkwe wangu aliyesafiri."

Klachi hakukosa hata siku moja, na mimi sikumshukuru hata siku moja. Nitasema ukweli: sikumsamehe. Kila lori lililotikisa madirisha nilimtazama yeye. Tukigombana kuhusu jambo lolote, hata sabuni, nilimalizia na ule mpira. "Nenda kauzungukie mpira wako."  Naye alikuwa amekonda, na lile neno lake lililompa jina nilikuwa sijalisikia muda mrefu. Siku moja alimpigia Mama magoti akamwomba radhi. Mama aliniambia baadaye kwamba alimwinua kwa sikio. "Nimemwambia, mimi si nilikuwa nimekaa kwenye kiti nagawa maksi? Muache mume wako."

Nisingekuwa na hofu kubwa hivyo kama Mama angekuwa mzima. Lakini moyo wake ulianza kuchoka. Alishikwa mara ya kwanza usiku, na kwa bahati nilikuwa kwake, kwa sababu usiku magari yakipungua nilivuka nikalala naye. Muuguzi wa zahanati alinipa vidonge vidogo akanieleza bila kuzunguka: akishikwa, kimoja chini ya ulimi, papo hapo, na mtu awe karibu, kwa sababu mikono yake mwenyewe itakataa. Vidonge nilivishonea mfuko mdogo nikamvisha shingoni. Tatizo lilikuwa huyo mtu wa karibu. Majirani zake wa pande zote mbili walikuwa wameuza na kuondoka, nyumba moja imefungwa, nyingine imegeuzwa stoo ya matairi. Mimi nafua nguo za watu, na mabeseni, bomba na kamba viko kwangu. Kuacha kufua ni kuacha kula, maana Klachi hakuwa na mwanafunzi; na Mama bado hakutaka kuhamia kwetu, wala mkwe ashinde kwake akimuuguza. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni Mama alikuwa ng'ambo na mimi huku, na kila siku niliomba kitu kimoja tu: akishikwa mchana, nimfikie.

Tulikwenda ofisini kuomba tuta la kupunguza mwendo wa magari, mimi, Redio, na fundi cherehani na gongo lake. Tulimkuta mhandisi yule yule. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera, maana angekuwa mbaya ungejua wa kumtukana. Alituchorea kwenye karatasi. "Nikiweka tuta hapa, magari yatapunguza mwendo hapa. Yakipungua hapa, foleni itarudi nyuma, itapanda Mteremko mpaka barabara kuu. Kule juu mtu anakuja kwa kasi anakuta gari limesimama mbele yake. Watakufa watu, mama yangu."

"Na huku chini?" nilimuuliza.

Alilaza kalamu. "Nitawachorea kivuko."

Wakaja wakachora. Mistari myeupe, mizuri, sawasawa mbele ya mlango wangu. Matairi yaliipita na haikuchukua muda ikawa ya kijivu.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Nilikuwa nyuma ya shuka la mtu, nalibana kwenye kamba, nikachungulia kama ninavyochungulia siku zote, nikamwona Mama anasimama kutoka kwenye kiti chake. Alishika nguzo ya kibaraza. Mkono wake mwingine ulikwenda shingoni, kwenye mfuko, ukacheza pale, ukashindwa. Kisha akateremka na nguzo, polepole, mpaka chini kwenye saruji.

Nilikimbia hadi ukingoni. Gari, gari, lori, gari. Nilisimama kwenye ile mistari yao nikainua mkono juu kama mtoto wa shule. Dereva mmoja alinitazama, akaniona vizuri kabisa, akanipungia. Alidhani namsalimia. Nikatia mguu, honi ikanirudisha. Nikatia tena, kioo cha pembeni kikanipiga kwenye kiwiko. Mama alikuwa pale. Niliona soli za miguu yake. Nilipiga kelele nikimwita Klachi, na sijui kama nilimwita kwa jina la mtaani au kwa jina lake.

Alitoka na mikono inadondosha maji, alikuwa ananawa ili aanze safari yake ya chakula. Hakuniuliza. Alitazama ng'ambo mara moja, akarudi mbio uani, nikasikia gari linawaka. Lile gari dogo jeupe likatoka getini na halikungoja pengo. Aliliingiza barabarani mzimamzima, akalikingamisha. Matairi yalilia. Pikapu ikaja ikagonga mlango wa abiria, vioo vikamwagika, na nyuma yake breki zikafuatana moja baada ya nyingine hadi juu Mteremkoni. Klachi akashuka akasimama mbele ya gari lake, mikono ameitanua.

Barabara ilisimama. Nilivuka kwa hatua chache tu, ndizo zile zile ambazo Mama alizitembea na sahani huku akipiga soga.

Nilipiga magoti nikamlaza kichwa mapajani mwangu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi na jasho lilikuwa baridi. Nilikata mfuko kwa meno, nikamweka kidonge chini ya ulimi, nikamwambia niko hapa, Mama, nimevuka, nimefika. Alifungua macho akanitazama. Alinijua. Midomo yake ikaanza kusogea.

Hapo ndipo honi zilipoanza. Ya kwanza ilikuwa ya yule wa pikapu, kisha wa nyuma yake, kisha wote, msururu mzima, malori kwa mabasi, kupanda Mteremko hadi barabara kuu ambako watu hawakujua hata wamesimamishwa na nini. Klachi alikuwa anawapigia ukelele, mishipa ya shingo imemtoka. "Ni mama mkwe! Ni mama mkwe wangu!" Nilimwona anavyofungua mdomo, sauti yake haikufika popote. Niliinama nikaweka sikio juu ya midomo ya Mama. Nilihisi pumzi yake ya moto, na maneno yalikuwa ndani ya ile pumzi, nilihisi yanavyopita sikioni, moja, jingine, jingine.

"Sema tena, Mama," nilimwambia. "Sikusikia. Sema tena."

Akasema tena. Niliinua kichwa nitazame midomo, na midomo ilirudia umbo lile lile, kwa subira, kama mtu anayemwelekeza mtoto. Kisha ikaacha. Nilingoja irudie mara ya tatu. Nilimtikisa kidogo. Macho yake yalikuwa bado yananitazama lakini hayakuwa yananiona.

Klachi alikuja akapiga magoti upande wa pili. Aliacha gari vile vile, limekingama, mlango wazi. Alimshika Mama mkono, akaugeuza, akautafuta mshipa, akaukosa. Kisha akanitazama, na nikaona kwenye midomo yake anauliza amesema nini.

Nikamjibu kwamba sikusikia. Akasogeza sikio lake karibu akaniuliza tena, maana hata yeye hakunisikia.